Sauti ya Mama Mkubwa Kiwandani

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 9 Februari.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuulizia afya. Kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipozungumza mara ya mwisho kimekwisha, au bado kinakusumbua? Shemeji hajambo? Watoto hawajambo? Yule wa mwisho mwambie Mama Mdogo wake wa huku anamdai picha akiwa amevaa viatu, maana picha zote tulizonazo yuko miguu mitupu kama mtu aliyekurupushwa na nyuki.

Sisi huku hatujambo kiasi. Goti la Mama limetulia na anashuka ngazi bila kushikwa, lakini chakula anakidonoadonoa tu. Anaweka sahani mbele yake, anaitazama, kisha anaanza kusimulia habari za dada yake mkubwa walipokuwa watoto. Tunamwacha asimulie. Shemeji yako ni mzima, na bado anakoroma akikanusha kwamba anakoroma.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Kwenye simu tunaanza kulia kabla hatujafika kwenye habari, kisha salio linakwisha tukiwa bado tunapenga kamasi. Kwenye karatasi naweza kulia, nikanawa uso, nikarudi nikaendelea. Nimeweka na shajara yangu hapa pembeni ili nisichanganye siku.

Dada, unakumbuka uliloniomba baada ya mazishi ya Mama Mkubwa. Ulisema, “Mdogo wangu, nimeshindwa kufika hata kumtupia mama yangu udongo. Naomba jambo moja tu. Kile kiti chake kiwandani kisikaliwe na mgeni.” Nikakuahidi kwamba nitakishika mimi. Nataka usikie kutoka kwangu, si kwa watu, ahadi ile imefika wapi.

Chumba chenyewe unakijua, ingawa ulipoondoka kilikuwa nusu ya kilivyo sasa. Kuna safu nne za cherehani, meza ndefu ya mkataji karibu na mlango, meza ya pasi ukutani, na kwenye pembe kijumba cha vioo cha msimamizi, mahali pa kuona kila mtu na kuonwa na kila mtu. Mama Mkubwa alikiita kabati la vyombo. Mwenyewe hakuingia humo ila akiwa na ripoti ya kuandika. Muda wake wote ulikuwa kati ya safu, futi shingoni, akiimba.

Ule wimbo wa uzi hukuukuta, basi nikueleze. Aliutunga mwenyewe kwa ajili ya chumba chetu. Yeye anaanzisha, “Uzi umekatika!” nasi tunaitikia, “Funga fundo twende!” Yeye, “Sindano imevunjika!” nasi, “Weka mpya twende!” Kati ya mistari anatia yake: anamtania huyu, anamkumbusha yule pindo, anamwamsha aliyesinzia baada ya kula. Miguu yetu ilikuwa inamfuata bila sisi kujua. Akienda pole, cherehani zinakwenda pole. Akikaza, zinakaza.

Tulidhani anatuimbia sisi. Kumbe sivyo. Siku moja alitoka ofisini kwa Tajiri, ndivyo tunavyomwita mwenye kiwanda, midomo imemkauka. Kuna oda ilikosewa rangi na lawama zote zilimwangukia yeye. Akasimama mlangoni kidogo. Akaanza kuimba, kwanza taratibu kama mtu anayepapasa njia, kisha sauti ikafunguka, na mpaka tunakwenda kunywa chai alikuwa amerudi kuwa yeye. Nikamuuliza anawezaje kuimba baada ya kusemwa vile. Akacheka. “Mwanangu, mdomo ni mmoja. Ukiwa unaimba huwezi kutukana. Siku nitakayonyamaza humu ndani, ombeni dua.”

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya uongozi, na miaka yote ile tuliinywa pamoja naye tukidhani ni burudani.

Kiti nilipewa wiki ya pili baada ya mazishi. Tajiri aliniita akasema kalamu yangu ni nzuri, mpango wa kazi naujua, na marehemu mwenyewe aliwahi kunitaja. Nishike mpaka oda ya sare za muhula ujao iishe, ndipo aamue kama nitabaki au atatafuta mtu wa nje. Nilikubali kwa ajili yako na kwa ajili ya Mama Mkubwa. Na nisikudanganye, nilikubali kwa ajili yangu pia. Nani hapendi kuitwa msimamizi?

Lakini mimi si mwanzishaji, Dada. Unanijua tangu shule. Nikiwa katikati ya watu naitikia vizuri tu, ila nikiachwa peke yangu sauti inaingia ndani kama konokono aliyeguswa. Nilijaribu siku ya kwanza. Nilisimama pale pale alipokuwa akisimama, nikafungua mdomo, nikatoa maneno, “Jamani, tuanze kazi.” Wakaanza kazi. Zikabaki mashine peke yake ndizo zinaongea.

Nilipokosa wimbo nikapata ukali. Mama Mapacha, yule wa safu ya kwanza mwenye mapacha wawili na hana usingizi hata wa mmoja, akipindisha mfuko nagomba. Mashati yakichelewa kwenye vifungo nagomba. Kila nikimaliza kugomba mikono inatetemeka, na nikifika nyumbani kichwa kinapasuka. Shemeji yako akanilazimisha kwenda hospitali. Daktari akanipima presha, akaitazama mashine yake, akanipima tena. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomweleza akasema vidonge atanipa, lakini nitafute na kitu cha kunituliza moyo pale pale kazini. Akataja muziki. Nilitaka kucheka. Nikamwambia aliyekuwa na dawa hiyo tumemzika.

Hata hivyo mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Nilinunua vile visikizi vya kuweka masikioni, nikawa nakaa kwenye kabati la vyombo nasikiliza kinanda kitupu, taratibu, bila maneno. Na kwa kweli kilinisaidia. Moyo ulikuwa unashuka, naona hata mistari ya ripoti inanyooka. Lakini siku moja mota ya cherehani ya safu ya pili ikaanza kuungua. Mwenye cherehani akaniita, akaniita tena, nami huku natikisa kichwa polepole, macho nimefumba. Mkataji ndiye aliyekuja kugonga kioo.

“Msimamizi, samahani kwa kukutoa peponi. Huku duniani kuna moshi.”

Walicheka, nami nikacheka. Lakini jioni nilimsikia Bi Pasi, yule mama wa meza ya pasi, akimwambia mwenzake, “Marehemu alikuwa akijitibu, tunapona wote. Huyu anajitibu peke yake.” Hakukusudia nisikie. Au alikusudia. Kwa Bi Pasi huwezi kujua.

Vile visikizi nikaviweka kwenye droo. Nikajaribu redio ya chumba kizima, kwa spika ya Mkataji. Hiyo nayo ilidumu wiki moja ya vita. Mama Mapacha anataka mahubiri, vijana wa vifungo wanataka nyimbo za mapenzi, Mkataji anataka mpira. Siku ya mpira timu yake ilifunga, na yeye kwa furaha akakata mikono ya mashati yote upande wa kushoto. Rundo zima, Dada, mikono ya kushoto mitupu, kama tunawashonea watoto wa nchi isiyo na kulia. Tajiri hakuona kichekesho. Alinifokea mbele ya mteja.

Sasa nifike kwenye lililo gumu.

Kwenye simu yangu nilikuwa na sauti ya Mama Mkubwa. Niliirekodi mwanzoni mwa mwaka jana, simu ikiwa mpya, nikiijaribu tu, nimeiweka juu ya furushi la kola. Urefu wake ni kama wa kushona furushi lile. Sikukwambia wewe wala Mama, kwa sababu tangu afariki sikuwa na moyo wa kuifungua, na nilijua ukishajua ipo utaniomba niifungue. Siku ile ya mikono ya kushoto niliingia stoo ya vitambaa nikafunga mlango, nikaifungua kwa sauti ndogo.

Alikuwamo, Dada. Kikohozi chake kidogo kabla ya kuanza kilikuwamo. Ile futi yake ikigonga vifungo vya gauni akitembea ilikuwamo. Nilisimama kati ya majora ya vitambaa nikamwitikia kwa kunong’ona, na mikono ikaacha kutetemeka. Kuanzia hapo kila nilipozidiwa nilikuwa naingia stoo kama mtu anayekwenda kutafuta kitambaa cha bitana, nasikiliza kidogo, natoka nikiwa naweza kusema na watu bila kuuma meno. Wiki mbili nzima sikumgombeza mtu. Hata Mama Mapacha aliniuliza kama nina mimba.

Ndipo nikawaza jambo ambalo lilionekana jema. Bi Pasi amesema najitibu peke yangu. Basi dawa hii tuigawane.

Jumatatu ya tarehe 27 Januari niliiunganisha simu na spika. Sikumwambia mtu, nilitaka iwe kama zawadi. Kazi ilikuwa nyuma, na Tajiri alikuwa amesimama mlangoni anakagua. Nikabonyeza.

“Uzi umekatika!”

Chumba kizima kikaitikia. Hakuna aliyefikiri kwanza, midomo na miguu ilijua njia yenyewe. Kola zikaanza kutoka safu ya kwanza kama mahindi yanayopukuswa. Mkataji alikuwa anatabasamu huku mkasi unakwenda. Hata mimi niliitikia kwa sauti, nikajisemea moyoni, tumepona.

Kisha Mama Mkubwa, kwenye rekodi ile, akafika pale anapomtania Bi Pasi. “Bi Pasi we! Nasikia harufu ya kuungua. Ni shati au ni moyo?”

Na Bi Pasi, pasi mkononi, akajibu kwa ile sauti yake ya siku zote, “Ni moyo, Mama, shati salama!”

Akasikia alichosema. Sote tukasikia. Akageuka kutazama katikati ya safu ya pili, mahali Mama Mkubwa alipozoea kusimama.

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Lakini rekodi haikunyamaza. Mle ndani Mama Mkubwa aliendelea kuanzisha, na sisi wa mwaka jana tukaendelea kumwitikia, tunacheka, hatuna habari ya kitu, huku sisi wa sasa tumekaa tunalia. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuzima na macho hayaoni. Bi Pasi alikaa chini sakafuni. Pasi ilibaki juu ya meza, na shati likaungua kweli.

Nilidhani Tajiri atanifukuza pale pale. Nilipotazama mlangoni alikuwa amevua miwani anaifuta, na alikuwa akiifuta kwa muda mrefu. Alasiri akaniita ofisini.

“Umeziona zile kola?” akaniuliza.

Nikadhani anazungumzia zilizoharibika. Nikaanza kuomba radhi.

“Nasema kabla hawajalia. Sijaona mikono ikienda vile tangu mama yenu atutoke. Weka ile sauti kila asubuhi. Watalia siku mbili tatu, kisha watazoea. Binadamu huzoea. Fanya hivyo, na kiti ni chako moja kwa moja. Ijumaa nakupa barua yako.”

Usimwone mbaya, Dada. Ana wateja wanaomkalia kichwani, na alimheshimu mama yako kwa dhati. Aliniambia hata yeye angefurahi kuisikia sauti ile akiingia asubuhi. Nadhani alikuwa anasema kweli. Nami nilitoka mle na jibu lako mkononi: kiti cha Mama Mkubwa, moja kwa moja, kwa barua. Ilibaki kubonyeza tu.

Kesho yake, wakati wa chai, niliwauliza wenzangu. Niliona si haki kuamua peke yangu.

Mkataji alisema anaitaka. “Nyumbani kwangu kimya, hapa kimya. Angalau nisikie mtu akinitania. Nikilia nitafuta uso, mkasi hauzuiliwi na machozi.”

Mama Mapacha akaweka kikombe chini. “Mimi sitaki. Nikishamzoea kama king’ora cha kuingia kazini, siku nikitaka kumlilia nitamlilia nani?”

Wengine wakagawanyika, huyu hivi, huyu vile, mpaka wakaanza kujibizana. Bi Pasi alikuwa akikoroga chai yake. Mkataji akamchokoza, “Na wewe Bi Pasi, au leo moyo haujaungua?” Hakucheka. Alinitazama mimi, si yeye.

“Akiniita nitaitika,” akasema. “Kesho akiniita nitaitika, na keshokutwa. Sijui kutokuitika. Sasa nikishaitika, mdogo wangu, nitajibiwa na nani?”

Tukarudi kazini.

Alasiri ile niliingia stoo. Nilikuwa nimezidiwa na nilitaka ile dawa yangu ya siku zote. Nikaifungua. Nikasikia kikohozi, futi, “Uzi umekatika,” na nyuma yake nikasikia cherehani zikinyamaza moja baada ya nyingine, ingawa kwenye rekodi hazinyamazi. Mikono haikuacha kutetemeka. Nikaizima kabla Bi Pasi hajaitwa. Hapo nikajua kwamba kile kidogo kilichokuwa changu nimekwisha kukipoteza, na sasa naombwa nipoteze na cha wengine.

Nisikufiche, nilisitasita mpaka Ijumaa. Kila nikiamua kukataa nakusikia wewe ukisema kisikaliwe na mgeni. Kila nikiamua kukubali namwona Bi Pasi akigeuka. Nilijaribu kufikiri Mama Mkubwa mwenyewe angesema nini, lakini marehemu ni rahisi kuwatilia maneno mdomoni, kila mtu huwasemesha anachotaka.

Ijumaa ya tarehe 31 nilikwenda ofisini. Barua ilikuwa tayari mezani, nililiona jina langu. Nikamwambia Tajiri kwamba sitaiweka ile sauti.

“Yaani unakataa kiti kwa sababu ya wimbo?”

Nikamwambia, “Mzee, yule mama alifanya kazi hapa mpaka siku aliyolazwa. Mwache apumzike.”

Akaikunja ile barua, si kwa hasira, akaiweka kwenye droo. Akasema ananielewa, ila chumba lazima kiende, na mimi mwenyewe naona kwamba hakiendi. Ni kweli, Dada. Naona. Angenifukuza ningeweza kumchukia. Alinirudisha kwenye cherehani yangu ya zamani, safu ya nne, dirishani.

Jumatatu akaja msimamizi mpya. Ni mwanamume wa makamo kutoka kiwanda kingine, mstaarabu, anasalimia kila mtu asubuhi kwa mpangilio wa safu. Ana kengele ndogo ya mezani. Anakaa kwenye kabati la vyombo siku nzima. Kiti cha mama yako kimekaliwa na mgeni. Lile uliloniomba lisitokee limetokea, na mimi ndiye niliyeufungua mlango. Sikuandikii ili unisamehe upesi. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, ila usiache kuniandikia.

Mama nilimwambia jioni ile ile. Aliweka kijiko chini akasema, “Kwa hiyo pale hapana tena mtu wetu.” Tangu siku hiyo, akiwa anasimulia habari za dada yake nami nikaingia, anakatisha na kuuliza kama nguo zimekauka.

Presha imeshuka. Daktari amefurahi na ameniambia niendelee na chochote ninachofanya. Naona haya kwamba imeshuka.

Chumbani hakuna anayeimba. Msimamizi mpya hakukataza, hakuna aliyemwambia kwamba tulikuwa tunaimba. Jumatano uzi wa Mama Mapacha ulikatika, akasema kwa sauti, hivi hivi tu, kama mtu yeyote anavyosema, “Uzi umekatika.” Watu wote wakainamia kazi zao. Hakuna aliyethubutu. Nami nilikuwapo, neno limenijaa mdomoni, nikalimeza kama wenzangu.

Alhamisi msimamizi mpya alikuja mpaka dirishani, akaniuliza kwa adabu kama bado ninayo ile sauti, maana Tajiri ameitaja. Nikamwambia nitaangalia. Nilipofika nyumbani nikajiogopa, Dada. Leo nimesema nitaangalia, kesho nitasema kidogo tu, keshokutwa itakuwa inawaita watu kazini. Nikamwomba shemeji yako aitoe kwenye simu aiweke kwenye memori kadi, tukaisikiliza mwanzo kuhakikisha imekaa vizuri, kisha akaifuta kwenye simu mbele yangu. Mama hakuwapo. Kadi yenyewe iko ndani ya bahasha hii. Nimeishonea kati ya vipande viwili vya kola ili isipotee njiani, ufumue taratibu kwa wembe, usivute.

Kwa hiyo sasa sauti yake iko kwako peke yako. Hukumtupia udongo, na kiti chake sikukulindia. Hiki ndicho nilichoweza kukuokolea.

Usiisikilize kazini, na usiisikilize siku uliyochoka. Ngoja siku ambayo Shemeji yupo na watoto wameshiba. Na tafadhali usiisikilize kimya. Mama Mkubwa akianzisha huwa anaacha nafasi, anangoja. Utatusikia sisi tukiitikia, lakini itikia na wewe, hata kama maneno huyajui vizuri, atakufundisha mwenyewe akiendelea. Karibu na mwisho, baada ya kicheko kikubwa, utamsikia akiuliza, “Na yule mtoto wa dirishani, mbona simsikii?” Pale pananihusu mimi. Kwenye rekodi sijibu, nilikuwa naona aibu kwa sababu simu ilikuwa yangu. Ukifika hapo, Dada, nakuomba unijibie. Mwambie nipo.

Mama anakusalimu, hajaniambia nikuandikie hivyo lakini najua. Shemeji yako anamsalimu Shemeji na anasema ule mjadala wao haujakwisha. Wanangu wanawasalimu ndugu zao. Bi Pasi, Mama Mapacha na Mkataji wameniagiza nikufikishie pole zao tena. Msalimie kila mtu wa nyumba yako, na yule wa miguu mitupu mbusu.

Mungu akulinde huko uliko, akupe watu wa kukaa nawe unapolia, na akujalie kuja ukatuone tukiwa bado tupo wa kuonwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye leo kama zamani.